Patel Kamtoa Patel

Desemba 2021, katika uwanja wa Wankhede mjini Mumbai, Ajaz Patel wa New Zealand aliangusha wiketi zote 10 za India katika zamu moja ya kupiga. Katika historia nzima ya mechi za kriketi za siku tano kati ya mataifa, walioweza hivyo kabla yake ni wawili tu: Jim Laker wa Uingereza mwaka 1956 na Anil Kumble wa India mwaka 1999. Wapenzi wa mchezo walishangilia rekodi. Mimi, ambaye kazi yangu ni majina, niliganda kwenye mstari mmoja wa karatasi ya alama. Miongoni mwa waliotolewa siku zile alikuwamo Axar Patel. Patel kamtoa Patel.

Hawana udugu wowote. Ajaz ni Mwislamu aliyezaliwa Mumbai, akahamia New Zealand na wazazi wake akiwa mtoto. Axar ni Mhindu, mzaliwa wa Anand katika jimbo la Gujarat. (Hiyo “x” nayo isikusumbue: jina lake ni Akshar, ila cheti cha shule kilikosewa tahajia, naye akabaki nayo.) Lakini mtu wa Nairobi au Mwanza akiona majina hayo mawili hukimbilia jibu lile lile: hawa ni ukoo mmoja. Nimeulizwa swali hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mbona kina Patel wako kila mahali, na mbona wote ni ndugu?

Wako mahali pengi, kweli, ingawa si kila mahali, na hilo nitalirudia. Undugu ndio haupo, kwa sababu Patel halikuanza kama jina la ukoo. Kilikuwa cheo.

Mtu wa pwani yetu hahitaji kwenda mbali ili aelewe. Jumbe alikuwa mkuu wa kijiji, na akida, enzi ya Wajerumani, alisimamia majumbe kadhaa na kuhakikisha kodi inafika. Leo wapo watu wanaoitwa Jumbe na Akida ambao hawajawahi kutoza kodi hata ya banda la kuku, na Zanzibar imewahi kuwa na rais aitwaye Aboud Jumbe. Patel alikuwa mtu wa aina hiyo: mkubwa wa kijiji cha Gujarat aliyejua nani analima wapi na nani anadaiwa nini, akajibu kwa watawala, wawe Wamughal, Wamaratha au Waingereza. Binamu yake wa Maharashtra ni Patil, neno la shina moja. Sasa chukulia kwamba si jumbe peke yake aliyejiita Jumbe, bali wakulima wote wa kabila lake, kijiji baada ya kijiji. Hapo ndipo tunapofika Charotar.

Charotar ni bonde lenye rutuba kati ya mito Sabarmati na Mahi, katika eneo lililoitwa wilaya ya Kheda. Zao lake la fedha lilikuwa tumbaku. Wakulima wake waliitwa Wakanbi, watu wa jembe, na katika ngazi za matabaka ya Kihindu hawakuwa juu. Waliobahatika miongoni mwao walishika ukanda wa ardhi ya pamoja, uitwao pati, na mwenye ukanda huo akaitwa patidar. Karne ya 19 ilipokwisha, tumbaku imeleta fedha na watoto wameanza kwenda shule, kila Mkanbi akataka kuwa Mpatidar, na kila Mpatidar akajiandika Patel. Kufikia sensa ya 1931 jina la zamani lilikuwa limeachwa na wengi wao. Cheo cha wachache kikawa jina la watu wote, kama kanzu ya sherehe iliyogeuka vazi la kila siku.

Juu kabisa walikuwa watu wa vijiji sita: Nadiad, Karamsad, Vaso, Dharmaj, Sojitra na Bhadran. Sardar Vallabhbhai Patel, aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu wa kwanza wa India huru, alizaliwa Nadiad mwaka 1875 na kwao ni Karamsad. Ukisikia Patel wa ughaibuni anataja kijiji chake kwa madaha, mara nyingi ni kimoja kati ya hivyo sita.

Kilichowatoa nyumbani kilikuwa na sura mbili. Njaa kuu ya 1899–1900 iliua watu na mifugo Gujarat nzima, na tauni ikafuata nyuma yake. Lakini waliosafiri hawakuwa maskini wa mwisho. Maskini wa mwisho hana nauli. Waliosafiri walikuwa watoto wa wenye ardhi, ardhi iliyogawanywa kwa ndugu wengi hadi ikawa haitoshi, vijana wenye Kiingereza kidogo na hesabu nyingi. Hapa nawasahihisha wanaosema kina Patel walikuja kujenga reli. Reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilileta vibarua wa mkataba wapatao 32,000 kutoka India, na wengi wao walikuwa Wapunjabi. Takriban 2,500 walikufa. Karibu 6,700 walibaki. Patel alikuja reli ikiwa imeshalala chini, akakaa ndani ya kibanda cha tiketi. Alikuwa karani, mkuu wa stesheni, mtu wa posta, kisha mwenye duka, na baada ya miaka michache akamwandikia mdogo wake barua apande meli Bombay.

Barua hiyo ndiyo inayochora ramani ya jina. Tazama upande wa pili wa dunia. Guyana, Trinidad na Mauritius zina Wahindi kwa mamia ya maelfu, lakini ukitafuta kina Patel miongoni mwa wajukuu wa vibarua wa miwa utachoka. Mababu zao walisafirishwa kwa mkataba, wengi kupitia bandari ya Calcutta, kutoka vijiji vya Bihar na jirani zake. Ndiyo maana Guyana imejaa Persaud, ambalo si lingine ila Prasad lililopita kwenye sikio la karani. Afrika Kusini, jimbo la Natal, waliotoka Madras kuanzia 1860 ni kina Naidoo, Govender na Pillay. Fiji ina kina Patel, na mmoja wao, A.D. Patel, aliongoza siasa za Wahindi huko hadi kifo chake mwaka 1969. Lakini watu wa jina hilo walifika kama abiria waliojilipia nauli, si kama vibarua. Kwa hiyo jina hili lina faida moja kubwa kwa mtafiti: mahali lilipo kwa wingi, ujue watu walikuja kwa barua ya ndugu. Mahali liliposhindwa kuota, angalia daftari la mashamba ya miwa.

Kisha kuna meza ya afisa wa uhamiaji, na hapo ndipo jina lilipokaza. Mgujarati ana majina matatu: lake, la baba yake, halafu la tatu. Kijijini la tatu lina kazi ndogo, kwa kuwa mtaa mzima unalo. Watu huitana kwa jina la kwanza na kuongeza heshima, -bhai yaani kaka, au -ben yaani dada. Akifika Mombasa akakutana na fomu yenye nafasi ya jina la ukoo, anaandika la tatu. Watu elfu wenye majina tofauti kabisa ya kwanza wanatoka bandarini wakiwa jina moja.

Jamii nyingine ziliijaza nafasi hiyo kwa njia nyingine. Ukipita Ukumbi wa Karimjee pale Dar es Salaam, kumbuka kwamba Karimjee alikuwa mtu mmoja, Mbohora wa Zanzibar, mtoto wa Jivanjee, na kizazi chake kikabeba jina lake, kama sisi tunavyobeba la babu. Karimjee ni ukoo kweli. Waoshwal, Wajaini kutoka vijiji vya karibu na Jamnagar, waliacha majina yao ya koo na wengi wakaandika Shah, na ndiyo maana Nairobi na Thika zina kina Shah wengi wasiohusiana kwa damu. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa watu wa Kachchh. Wajenzi wakubwa wa Nairobi na Mombasa, mafundi wa mawe na wakandarasi, ni Waleva Patel kutoka vijiji vya Bhuj. Jumuiya yao yenyewe inajiita hivyo. Majina yao kwenye pasi za kusafiria? Hirani, Halai, Varsani, Vekaria, Pindoria. Ukihesabu kina Patel wa Kenya kwa kutazama jina la mwisho peke yake, umewaacha nje watu ambao ni Patel kuliko Ajaz wa Wankhede.

Na wapo Wapatidar wa Charotar ambao wazee wao walipewa cheo kingine, wakaitwa Amin. Mwaka 1972 jenerali wa jina hilo aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Sijawahi kukutana na kichekesho kichungu kuliko hicho katika kazi yangu yote.

Wataalamu wa hesabu hupenda majina kwa sababu ni ya bure: yameshaandikwa kwenye madaftari. Mwaka 1875 George Darwin, mtoto wa Charles, alikadiria idadi ya Waingereza waliooa binamu zao kwa kuhesabu maharusi wenye jina moja. Njia hiyo ilinolewa baadaye na bado inatumika katika tafiti za urithi. Ipeleke kwa kina Patel uone maajabu. Patel anaoa Patel, tena wazazi husisitiza, hivyo hesabu inapiga kelele kwamba hawa wanaoana ndugu kwa ndugu. Kumbe desturi yao inakataza kuoa kijijini kwako na inakataza binamu. Wana duru za vijiji vinavyobadilishana wachumba. Sasa ilete hesabu hiyo hiyo Lamu au Pemba, ambako kuoa binamu ni jambo la kawaida na la heri, na ambako mtu hubeba jina la baba na la babu. Mume na mke wakiwa watoto wa kaka na dada, wana babu mmoja, na majina ya mwisho hayafanani. Hesabu inasema hakuna ndugu hapa.

Uingereza, mji wa Bradford ulitengeneza programu iitwayo Nam Pehchan, yaani utambuzi wa jina, ili idara za afya ziwatambue wagonjwa wenye asili ya Asia Kusini kwa majina yao. Kwa Patel inafanya kazi vizuri mno. Kwa Mgoa ni hadithi nyingine: Pio Gama Pinto, mwanasiasa wa Kenya aliyeuawa mwaka 1965, kwa jina tu angeonekana Mreno.

Safari ya pili ya jina hili ilianzia kwetu. Kenya ilipopitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara mwaka 1967, wenye pasi za Kiingereza walianza kuondoka kwa haraka, na Machi 1968 Bunge la Uingereza lilibana mlango kwa sheria iliyopitishwa ndani ya siku chache. Tanzania ilitaifisha majumba mwaka 1971. Uganda ikafuata, na watu wapatao 28,000 wakaingia Uingereza, ingawa halmashauri ya jiji la Leicester ilikuwa imelipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije kwao. Walikwenda. Leo Patel limo katika majina 50 yanayotumika zaidi Uingereza. Dipak Patel, mzaliwa wa Nairobi, alicheza kriketi ya kaunti Uingereza kabla ya kuhamia New Zealand na kufungua urushaji wa timu hiyo katika Kombe la Dunia la 1992. Wazazi wa mwigizaji Dev Patel walizaliwa Nairobi. Wazazi wa Priti Patel, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza na kuongoza siasa kali za kuzuia wahamiaji, walitoka Uganda.

Marekani ilichelewa, kwa sababu hadi sheria ya 1965 ilikuwa karibu imefungwa kwa Waasia. Ilipofunguka, watu walinunua moteli za barabarani ambazo hakuna mwingine aliyezitaka: familia inalala nyuma ya kaunta, inafua shuka yenyewe, haiajiri mtu. Kisha barua kwa ndugu, kama zamani. Inakadiriwa kwamba wenye asili ya India wanamiliki zaidi ya nusu ya hoteli za nchi hiyo. Katika sensa ya 2000 Patel halikuwamo katika majina 150 ya kwanza. Katika ile ya 2010 lilikuwa limeingia katika 100, likiwa na watu zaidi ya 200,000.

Kina Patel wenyewe hawajawahi kudanganywa na jina lao. Wakikutana wawili, jina halina habari yoyote ndani yake, kwa hiyo swali la kwanza ni “wa kijiji gani?” Hulisikia New Jersey kama Wembley. Aliyezaliwa huko hujibu Dharmaj au Sojitra, mahali ambapo huenda hajawahi kukanyaga. Mwenye umri mkubwa zaidi hutaja kijiji, akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: lakini sisi ni watu wa Kisumu.