Kwa Nini Dawa Humezwa Kila Siku

Katika vikundi tunavyotembelea tunaulizwa: "Kama ARV zinafanya kazi, mbona tumeze maisha yote?" Swali zuri sana.

Kirusi cha UKIMWI hakiwezi kujizalisha peke yake. Huingia katika chembe nyeupe ya damu na vimeng'enya vyake vitatu tu, yaani vile vitu vinavyoendesha kazi ndani ya chembe. Kwa viwili hugeuza maandishi yake kuwa DNA na kuyapachika katika DNA yetu. Kutoka hapo kazi kubwa inafanywa na mwili wenyewe! Kimeng'enya chetu kiitwacho RNA polimerasi II, kinachosoma DNA yetu kila wakati, husoma na ya kirusi. Kingine, furini, hukata protini ya ganda la kirusi vipande viwili. Isipokatwa, kirusi kipya hakiambukizi.

Kuvizima hivi vyetu ni hatari, maana twavihitaji. Kwa hivyo ARV tunazopewa kliniki hulenga vya kirusi. Lakini DNA yake iliyojificha katika chembe zilizolala haiguswi. Ukiacha dawa kwa sababu umenenepa, chembe hizo zinaamka, na mara nyingi virusi hurudi katika damu baada ya wiki chache.