Rekodi Kumi za Uyoga, na Nafasi ya Kanda ya Ziwa

Mwanza imezoea makubwa. Ziwa Victoria ni ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyomo katika maziwa ya bara hili. Hata kwa udogo tunashika namba moja: Saanane, mwendo mfupi wa boti kutoka mjini, ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Tanzania. Lakini kwenye uyoga na kuvu wenzake bado hatujajihesabu ipasavyo, ilhali mabingwa kadhaa wa dunia, au ndugu zao wa karibu, wanaota kwenye vichuguu, mazizi na miamba yetu. Hizi hapa rekodi kumi. Nyingi kati yake zinafuatilika vizuri zaidi kwa kundi: mwalimu na wanafunzi wake, akina mama wa kijiji, vijana wa klabu ya mazingira.

1. Uyoga mkubwa kuliko wote unaoliwa
Termitomyces titanicus ulipewa jina la kisayansi mwaka 1980 kutokana na sampuli za Zambia. Kofia yake inaweza kufikia upana wa mita moja, yaani inalizidi sinia la pilau. Ni wa ukoo wa uyoga wa vichuguuni. Ndugu yake mmoja, Termitomyces singidensis, ulitangazwa mwaka 1994 na umebeba jina la jirani zetu wa Singida.

Kundi likiukuta uyoga wa kichuguu, lisiung'oe kwa pupa. Achimbe mmoja taratibu kwa panga, pembeni, huku wengine wakiondoa udongo kwa mikono. Shina linaendelea chini kama mzizi, wakati mwingine zaidi ya mita moja, hadi kwenye sega ambalo mchwa wanalitunza. Urefu wa mzizi huo, rangi yake na umbo la ncha ya kofia husaidia kutofautisha spishi moja na nyingine. Ukikatwa juu juu, nusu ya ushahidi inabaki ardhini.

2. Mdogo kuliko wote katika ukoo huohuo
Termitomyces microcarpus una kofia ya sentimita moja au mbili tu, lakini huota kwa mamia. Mchwa hutoa vipande vya sega nje ya kichuguu, mvua ikinyesha vinachipua, na asubuhi udongo umegeuka mweupe. Huu hauna ule mzizi mrefu. Mmoja apime eneo lililofunikwa, mwingine apige picha akiwa ameweka rula kando.

3. Shamba kongwe kuliko yote la mdudu
Mchwa walilima kabla ya binadamu kuwapo duniani. Ushahidi wa kale zaidi wa shamba la namna hiyo uliopatikana kwenye mawe umetoka Tanzania, katika Bonde la Ufa la Rukwa: viota vya mchwa vilivyogeuka jiwe vikiwa na masega ya kuvu ndani yake, vyenye umri wa miaka milioni 25 hivi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Hivyo mtoto wa Magu au Sengerema anayechuma uyoga kichuguuni anavuna kutoka katika kilimo chenye mizizi hapahapa Afrika.

4. Kuvu aliyetanda eneo kubwa kuliko wote
Katika msitu wa Malheur, jimbo la Oregon, Marekani, kuna kuvu mmoja wa spishi Armillaria ostoyae ambaye nyuzi zake zimeenea chini ya hekta 965. Hifadhi ya Saanane, pamoja na maji yake, ina hekta 218, kwa hiyo ingeingia humo mara nne na nafasi ikabaki. Umri wa kuvu huyo unakadiriwa kuwa miaka 2,400 au zaidi. Uyoga tunaouona ni tunda tu. Mti wenyewe uko chini.

5. Tunda refu kuliko yote
Mwaka 2010, katika kisiwa cha Hainan nchini China, watafiti walikuta chini ya gogo lililoanguka tunda moja la kuvu lenye urefu wa mita 10.85. Uzito wake ulikadiriwa kuwa mamia ya kilo. Somo kwa wanaotembea msituni Rubondo au Geita ni moja: inama, tazama upande wa chini wa gogo.

6. Mwenye kasi kuliko wote
Bingwa huyu anaishi kwenye samadi, na Usukuma ni nchi ya ng'ombe. Mwaka 2008 Levi Yafetto na wenzake walichapisha vipimo vya kuvu wanne wa samadi waliopigwa picha kwa kamera za kasi kubwa. Spora zao ziliruka kwa kasi iliyofikia mita 25 kwa sekunde, karibu kilomita 90 kwa saa, kwa msukumo uliofikia mara 180,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Sababu ni ya maana: ng'ombe hapendi kula majani yaliyo karibu na kinyesi, kwa hiyo spora lazima zitupwe mbali, zitue kwenye majani safi, ziliwe na kuanza safari upya.

Watoto wanaweza kushuhudia wenyewe. Weka samadi mbichi ndani ya chupa pana ya kioo, funika, iache karibu na dirisha. Baada ya siku kadhaa huenda vikatokea vijinywele vinavyong'aa, kila kimoja kina kofia nyeusi, vyote vimeelekea kwenye mwanga. Huyo ni Pilobolus. Kioo cha upande wa dirisha kitajaa vitone vyeusi: kila kitone ni mrusho mmoja.

7. Mwenye jinsia nyingi kuliko wote
Schizophyllum commune ni kauyoga keupe kenye manyoya, kanakoota kwenye kuni na matawi makavu katika kila bara isipokuwa Antaktika. Wanasayansi wamehesabu makundi yake ya kujamiiana wakavuka 20,000, na mmoja anaweza kuungana na karibu kila asiye wa kundi lake. Anza kukatafuta kwenye rundo la kuni nyumbani kabla ya kwenda mbali.

8. Mvumilivu kuliko wote
Yale madoa ya kijivu, kijani na rangi ya chungwa kwenye miamba ya Mwanza si uchafu. Ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani waliokubaliana kuishi pamoja. Aina moja, Xanthoria elegans, iliwekwa nje ya kituo cha anga cha kimataifa kwa mwaka mmoja na nusu, bila hewa na chini ya mionzi mikali, na ikarudi ikiwa hai. Kuvumwani wa mawe hukua polepole mno, aghalabu milimita chache kwa mwaka au chini ya hapo. Msimkwangue. Chagueni doa moja, mlipige picha na rula kila mwaka mwezi uleule, na baada ya miaka mitano kundi litakuwa na kumbukumbu ya thamani.

9. Muuaji mkubwa kuliko wote
Amanita phalloides ndio unaosababisha vifo vingi zaidi vya sumu ya uyoga duniani. Kupika hakuondoi sumu yake, na dalili huchelewa saa sita au zaidi, wakati ini tayari linashambuliwa. Katika nchi za joto, unaodanganya wengi ni Chlorophyllum molybdites, uyoga mnene mweupe wa kwenye majani ya uwanjani. Huo huleta kutapika na kuharisha kukali.

Njia ya kuutambua ni kazi nzuri ya kundi. Kata shina, laza kofia kifudifudi juu ya karatasi ambayo nusu ni nyeupe na nusu nyeusi, funika kwa bakuli, uache usiku kucha. Asubuhi spora zimechora picha ya matamvua yake. Zikiwa na rangi ya kijani, umempata mdanganyifu. Zikiwa na rangi nyingine, bado hujapewa ruhusa ya kula. Kwamba mbuzi au konokono ameula hakuthibitishi lolote. Matembezi ya kurekodi si matembezi ya kutafuta kitoweo, na aliyekula uyoga asioujua awahishwe hospitali pamoja na mabaki yake.

10. Matembezi kongwe
Mwaka 1868, klabu ya wapenda maumbile ya Woolhope huko Hereford, Uingereza, ilianzisha matembezi ya pamoja ya kutafuta uyoga, yanayotajwa kuwa ya kwanza ya aina yake. Chama cha uyoga cha Ufaransa kilifuata mwaka 1884.

Kwetu, kazi kubwa imetoka kwa watafiti waliowafuata wanaojua: wanavijiji. Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa mwaka 2003 kitabu kizima juu ya uyoga wa Tanzania, unaoliwa na wenye sumu. Mwaka 2012 Donatha Tibuhwa wa chuo hichohicho alichapisha utafiti wa maarifa ya uyoga ya jamii zinazozunguka Serengeti na Ngorongoro. Msingi upo, na bibi zetu ndio walioujenga.

Rekodi zilizo wazi kwa kundi lenu
Makadirio ya mwaka 2017 yanasema dunia ina spishi za kuvu kati ya milioni 2.2 na 3.8. Zilizopewa majina hazifiki moja kwa kumi. Kwa hiyo vuli na masika zijazo, gawaneni kazi: mmoja ashike rula, mmoja simu, mmoja daftari, mmoja mifuko ya karatasi, kwa kuwa plastiki huozesha. Mwiteni mzee anayejua majina ya kwenu, myaandike kama anavyoyatamka. Mkiingia hifadhini, ombeni kibali kwanza.

Kisha wekeni jedwali lenu: kofia pana kuliko zote, mzizi mrefu kuliko yote, kundi lililoota kwa wingi zaidi, uyoga wa kwanza baada ya mvua ya kwanza. Sharti liwe moja kwa wote. Kisicho na tarehe, mahali, aina ya mti au udongo, picha yenye rula na jina la aliyekiona hakiingii kwenye jedwali, hata kiwe kikubwa kiasi gani.