Kabla ya Kununua Lifti ya Gari, Toboa Sakafu

Gereji nyingi za mjini Eldoret hutegemea shimo. Gari huingizwa taratibu mpaka matairi yakae kando kando ya handaki la upana wa mtu, fundi anashuka na spana na taa, kazi inaanza. Shimo ni rahisi kujenga, ila lina tabu zake. Uwanda wa Uasin Gishu umekaa juu ya mwamba wa volkeno, na mahali pengi chini ya udongo kuna tabaka gumu la murram linalochelewesha maji. Mvua ikishika kasi, shimo linageuka kisima. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutuama mle chini, pale pale fundi anaposimama na taa yake ya waya.

Si ajabu basi kwamba anayejenga Elgon View au Annex, na anayependa kujikagulia gari mwenyewe, huanza kutamani lifti. Anayeteremka mara kwa mara kutoka Iten kupitia Tambach hadi Bonde la Kerio anajua breki zinavyonuka zikifika chini, na ana haki ya kutaka kuziona bila kulala mgongo kwenye mchanga.

Mashine yenyewe haina maajabu. Fikra ni ya mwaka 1925, ya Peter Lunati wa Memphis, Marekani, anayesemekana kuipata kwa kutazama kiti cha kinyozi kikipanda. Lifti ya nyumbani siku hizi aghalabu ni nguzo mbili za chuma, mikono minne, mota na pampu ya mafuta, na uwezo wa kubeba takriban tani 4. Toyota Prado ina tani mbili na ushei. Chuma hakitashindwa.

Kinachoshindwa ni sakafu. Mikono hutoka kwenye nguzo kuelekea katikati, kwa hivyo uzito wa gari huzivuta nguzo ziinamiane, na boliti za upande wa nje ndizo zinazozuia. Boliti hizo zimeshikwa na simiti peke yake. Watengenezaji wengi hutaka simiti nzuri ya inchi 4 kwa uchache, wengine 6 au zaidi. Sasa tazama slebu ya kawaida ya nyumba zetu: wavu wa BRC juu ya mawe na murram, simiti iliyokorogwa chini kwa beleshi, na kijana anaongeza maji karai baada ya karai ili mchanganyiko utandazike bila kumchosha. Maji hayo ya ziada ndiyo huiua nguvu ya simiti. Kwenye mchoro slebu ina inchi 4, huku pembeni pengine ni 3.

Kwa hivyo kabla ya kulipa hata senti kwa muuzaji, toboa shimo dogo mahali nguzo itakaposimama, upime. Vumbi likitoka laini kama unga na drili ikizama bila upinzani, umeshapata jibu. Kata ukanda mzima wa sakafu, chimba, weka vyuma, mwaga upya. Nguvu ya simiti hupimwa kwa kawaida ikifika siku 28, na Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari. Baridi ya usiku huchelewesha simiti kukomaa. Ifunike kwa magunia yaliyolowa na umwambie fundi mwenye haraka arudi mwezi ujao.

Pima na juu pia. Prado ina urefu wa karibu mita 1.9. Ukitaka kusimama chini yake unahitaji mita 1.8 zaidi, jumla 3.7. Gereji iliyoungana na nyumba mara nyingi haifiki hapo, na wengi huishia kujenga banda la mabati la pekee uani.

Halafu kuna stima. Gari likipanda utasikia tak, tak, tak. Ni kufuli za usalama zinazopita kwenye meno ndani ya nguzo. Ukifika kimo unachotaka, unalishusha kidogo mpaka likalie kufuli, maana hakuna anayepaswa kuingia chini ya gari linaloshikiliwa na mafuta tu. Ila kulitoa kwenye kufuli hizo sharti kwanza uliinue kidogo, na kuinua kunataka mota. Stima ikipotea saa kumi jioni, gari linabaki huko juu nawe unatafuta boda ya kwenda mjini. Muulize muuzaji mapema kama pampu ina mkono wa kupiga kwa nguvu za mtu. Na mwambie fundi wa umeme aivutie mota waya yake kutoka kwenye boksi, si kutoka soketi ya friji.

Jambo ambalo wauzaji hawaligusii ni majirani. Jumamosi ya kwanza atakuja mmoja na Probox yake, ya pili watakuja watatu, na mmoja atakuachia pesa ya chai. Ukishaajiri kijana wa kufungua nati, uwanja wako umekuwa mahali pa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mashine za kuinulia zikaguliwe na mtaalamu aliyeidhinishwa, nayo serikali ya kaunti itataka kujua ni lini ploti ya makazi iligeuka gereji.