Baiskeli ya Barabarani au ya Triathloni? Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

Mtu anayeamua kununua baiskeli ya mbio kwa mara ya kwanza hukuta dukani aina mbili ambazo kwa mbali hufanana sana. Zote mbili ni nyepesi, zina matairi membamba, na bei yake huweza kufikia ile ya pikipiki mpya au kuizidi. Moja ni baiskeli ya barabarani. Nyingine imeundwa kwa ajili ya triathloni, mchezo unaounganisha kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, bila mapumziko katikati. Kwa kuwa hii ya pili mara nyingi ndiyo ghali zaidi, mnunuzi hushawishika kuamini kuwa ndiyo bora zaidi. Imani hiyo si sahihi. Kila moja ina kazi yake, na anayekosea kuchagua hupoteza fedha nyingi, na wakati mwingine huhatarisha maisha yake.

Tofauti iko wapi?

Tofauti ya kwanza ni usukani. Baiskeli ya barabarani ina usukani uliopinda kuelekea chini mfano wa pembe za kondoo, na breki na gia zote zimo pale mikono inapokaa. Baiskeli ya triathloni ina vyuma viwili virefu vinavyoelekea mbele, pamoja na vitako vidogo vya kuegemeza viwiko. Vitufe au vishikio vya gia huwekwa kwenye ncha za vyuma hivyo, lakini breki zimo pembeni, kwenye usukani wa chini.

Tofauti ya pili ni mkao. Katika baiskeli ya barabarani, bomba linalobeba tandiko huwa na mwinamo wa nyuzi 72 hadi 74 hivi. Katika ile ya triathloni, bomba hilo husimama zaidi, kwa kawaida nyuzi 76 hadi 80. Mwendeshaji husogezwa mbele, hivyo anaweza kuinama sana bila magoti kumbana tumbo.

Mabadiliko yote hayo yana lengo moja, nalo ni kupunguza upinzani wa hewa. Kwenye barabara tambarare, mtu anayekwenda kilomita 30 kwa saa au zaidi hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuisukuma hewa. Mwendo ukiongezeka maradufu, upinzani huo huongezeka mara nne. Aidha, kinachoizuia hewa zaidi ni mwili wa mwendeshaji wenyewe wala si baiskeli, na ndiyo maana mkao una uzito kuliko umbo la fremu.

Historia inatoa mfano ulio wazi. Mwaka 1989, siku ya mwisho ya mashindano ya Tour de France, Greg LeMond wa Marekani alikuwa nyuma ya Laurent Fignon wa Ufaransa kwa sekunde 50. Zilibaki kilomita 24.5, na kila mmoja aliendesha peke yake akishindana na saa. LeMond alitumia mishikio ya kuegemeza viwiko iliyotoka katika triathloni, Fignon hakuitumia. LeMond alishinda mashindano yote kwa sekunde 8. Yako mengine yaliyochangia, ila jambo la kuzingatia ni kwamba siku hiyo kila mwendeshaji alikuwa peke yake barabarani.

Sheria za mashindano

Faida ya mkao huo hutoweka pale waendeshaji wanapokwenda kwa makundi, kwa maana aliye nyuma hukingwa na aliye mbele. Isitoshe, ndani ya kundi mkao huo ni wa hatari. Kwa sababu hiyo, mashindano ya kawaida ya barabarani ambamo wote huanza pamoja hayaruhusu mishikio ya mbele. Vivyo hivyo, katika triathloni ya Olimpiki, iliyoanza Sydney mwaka 2000, washindani huruhusiwa kufuatana kwa karibu na hulazimika kutumia baiskeli za barabarani.

Mashindano mengi ya wasio weledi, yakiwemo yale ya masafa marefu, hufuata utaratibu tofauti: kila mshindani hutakiwa kuacha nafasi ya mita kadhaa kutoka kwa aliye mbele yake. Hapo baiskeli ya triathloni huruhusiwa na huonyesha thamani yake. Mfano wa karibu nasi ni Ironman 70.3 ya Rubavu, kando ya Ziwa Kivu nchini Rwanda, iliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Mashindano ya aina hiyo yana kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21.1 za kukimbia. Kuruhusiwa, hata hivyo, si kulazimishwa. Mwenye baiskeli ya barabarani hushiriki bila kizuizi.

Barabara unayoitumia kila siku

Mbio huchukua siku moja au mbili kwa mwaka, ilhali mazoezi huchukua miezi. Chukua mfano wa mwalimu anayeishi Moshi ambaye angependa kwenda Rubavu mwakani. Kila asubuhi atashiriki barabara na malori, daladala na bodaboda. Akiwa ameegemeza viwiko, vidole vyake viko mbali na breki. Akikatiwa njia ghafla au akikuta shimo, itambidi kwanza auhamishe mkono, kisha ndipo afunge breki. Katika mwendo wa kilomita 36 kwa saa, baiskeli hukata mita 10 kwa kila sekunde. Sekunde moja ya kuhamisha mkono yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kusimama na kugonga.

Baiskeli ya triathloni pia hugeuka kwa uzito zaidi, hutikiswa na upepo wa pembeni hasa ikiwa na ringi pana, na huchosha kwenye milima, ambako mwendo ni mdogo na faida ya kukata hewa huwa ndogo. Kwa mwalimu wetu, baiskeli ya barabarani inafaa zaidi. Siku ya mashindano ikikaribia, anaweza kufungiwa mishikio ya kuegemeza viwiko juu ya usukani alio nao, kwa gharama ambayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya baiskeli nyingine. Hatapata mkao kamili wa triathloni, lakini atapata sehemu kubwa ya faida yake.

Baiskeli ya triathloni humfaa yule ambaye tayari ana baiskeli ya barabarani, anashiriki mara kwa mara mashindano ya masafa marefu, na ana mahali salama pa kufanyia mazoezi.

Kabla ya kulipa

1. Pima mwili wako. Baiskeli nzuri isiyo ya kimo chako ni hasara. Omba kuijaribu kwa dakika kadhaa, ukiwa katika mkao utakaoutumia.

2. Uliza vipuri. Baiskeli nyingi za triathloni zina bomba la tandiko, usukani na hata breki za umbo la pekee, zisizoingiliana na za aina nyingine. Jua zinapatikana wapi na kwa muda gani.

3. Kagua iliyotumika. Fremu ya nyuzi za kaboni iliyoanguka yaweza kuwa na ufa usioonekana chini ya rangi. Tazama viungio vyote, epuka iliyopakwa rangi upya bila maelezo, na hakikisha namba ya fremu haijafutwa.

4. Jumlisha gharama zote: kofia ngumu, pedali, viatu, pampu, matengenezo, na ushuru ikiwa unaagiza kutoka nje ya nchi.

5. Eleza kusudi lako kwa maandishi. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi anayemweleza muuzaji wa bidhaa hizo kusudi mahususi la ununuzi, akategemea ujuzi wake, ana haki ya kupata bidhaa inayofaa kwa kusudi hilo. Anayetaja jina la chapa tu na kulipa hudhoofisha ulinzi huo. Ujumbe mfupi wa simu unaosema, “Natafuta baiskeli ya mazoezi ya kila siku barabarani na mashindano mamoja kwa mwaka,” unaweza kuwa ushahidi wako kesho.

6. Dai risiti inayotaja aina, ukubwa na namba ya fremu, pamoja na masharti ya dhamana.

Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Ukiambiwa kuwa baiskeli fulani inaruhusiwa katika mashindano fulani, kisha ikabainika kuwa sivyo, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti na mawasiliano yenu. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko kwa mamlaka husika mapema, na usiendelee kuitumia baiskeli hiyo, kwa kuwa uchakavu mpya utakuwa hoja dhidi yako.

Muuzaji akikuuliza unataka baiskeli gani, mjibu kwanza utaiendesha wapi, pamoja na nani, na mara ngapi. Majibu hayo matatu ndiyo yatakayochagua.