Nina kisukari, na siku yangu ya kuzaliwa nilikwenda ziwani peke yangu

Mwezi uliopita nilitimiza miaka 30. Kati ya hiyo, 19 nimeishi na kisukari aina ya kwanza, ambapo kongosho halitengenezi tena insulini na mgonjwa hujichoma sindano kila siku. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kwenda matembezini peke yangu. Darasa lilipokwenda ziara, mimi nilibaki. Mama aliogopa, na walimu waliogopa kuliko mama.

Safari hii niliamua kujizawadia siku nzima: kupiga kasia Ziwa Duluti, kutembea msituni kando ya ziwa, kisha kula keki yangu. Nilipomweleza mama, aliacha kuchambua mchele.

“Peke yako? Na hiyo sukari yako?”

“Ndiyo, mama. Nimeshaongea na daktari.”

“Daktari atakuwepo huko majini?”

Sikuwa na jibu. Lakini swali hilo ndilo lililonifanya nijiandae, na huenda wewe msomaji unaliuliza pia, kwa ajili yako au kwa ajili ya mwanao.

Kwa nini sukari hushuka

Misuli inapofanya kazi hutumia sukari iliyo kwenye damu, na mwili huitikia insulini kwa wepesi zaidi. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho hupunguza insulini lenyewe. Kwangu mimi, insulini niliyojichoma asubuhi imeshaingia mwilini na hairudi. Itaendelea kushusha sukari hata kama ninapanda mlima au ninavuta kasia.

Kipimo kikisoma chini ya 4, sukari imeshuka. Dalili ni kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, macho kuona ukungu, hasira isiyo na sababu na kuchanganyikiwa. Ikiachwa, mgonjwa anaweza kupata degedege au kupoteza fahamu. Ukiwa majini, dakika chache za kuchanganyikiwa zinatosha kuleta msiba.

Wiki moja kabla ya safari nilikwenda kliniki. Daktari alinielekeza kupunguza dozi ya kifungua kinywa. Alinikumbusha kuchoma tumboni, si mkononi wala pajani, kwa sababu kiungo kinachofanya kazi hufyonza insulini haraka. Akasema nisiingie majini sukari ikiwa chini ya 7. Kiasi cha dozi nilichopunguza ni changu mimi, hivyo sikitaji hapa. Chako utapewa na daktari wako.

Kumwambia mtu

Ziwa Duluti lipo Tengeru, karibu na barabara ya Arusha kwenda Moshi. Ni ziwa dogo la kreta lililozungukwa na msitu wa hifadhi. Nilishuka kwenye daladala asubuhi, nikapima: 8.4. Nilikuwa na mfuko usiopitisha maji wenye kipimo, vijiti vyake, chupa mbili ndogo za soda ya kawaida, biskuti na simu. Insulini niliifunga kwa kitambaa chenye unyevu na kuiweka kivulini, maana jua kali huiharibu.

Jambo gumu lilikuwa kumwambia kijana wa kayaki. Miaka minne iliyopita sukari ilinishuka harusini. Nilianza kuyumba na kuongea ovyo, watu wakadhani nimelewa. Wengine walicheka, na mmoja alinitoa nje ili “nipigwe na upepo”. Aliyeniokoa ni shangazi, aliyejua hali yangu. Aibu ya siku ile ilinifunza kunyamaza, nami nilinyamaza kwa muda mrefu.

Nikavuta pumzi. “Kaka, nina kisukari. Ukiniona natetemeka au naongea mambo yasiyoeleweka, nipe hii soda. Kama siwezi kumeza, usinipe kitu, nilaze ubavu na uwahi hospitali.”

Akaniangalia. “Sawa dada. Basi nitakuwa na mtumbwi wangu karibu na wewe. Jaketi la kuokolea usilivue.”

Hivyo ndivyo nilivyokuwa peke yangu: kayaki yangu, kasia langu, na mtu mita chache nyuma aliyejua la kufanya.

Katikati ya ziwa

Sitasahau utulivu ule. Msitu unashuka hadi ukingoni, mdiria anajitupa majini na kutoka na samaki, kenge anaota jua juu ya gogo. Nilipiga kasia kwa furaha ya mtoto aliyefunguliwa mlango.

Baada ya kama dakika 40 mikono ilianza kutetemeka. Nikajiambia ni uchovu, sijazoea kasia. Jasho likanitoka, nikajiambia ni jua. Hapo ndipo mtego ulipo: dalili za sukari kushuka hufanana na dalili za mazoezi. Kilichoniokoa ni kanuni niliyojiwekea kwamba nikiwa na shaka, napima. Nilifuta kidole kikavu, nikapima. 3.4.

Nilimpungia mkono yule kijana. Alisogea, akaishika kayaki yangu. Nilikunywa soda kama nusu glasi, yaani takriban gramu 15 za sukari, kisha tukasubiri dakika 15 bila kupiga kasia. Nilipima tena, safari hii kidole kingine, kwa sababu kidole chenye mabaki ya soda hudanganya kipimo. 4.8. Nikala biskuti ili sukari isishuke tena, na tukarudi ufukweni taratibu.

Nilikaa chini ya mti nikitaka kulia. Nilikuwa na hakika mama alikuwa sahihi. Kisha nikaona kwamba kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa. Sukari ilishuka, tukaiona mapema, tukaipandisha. Sikuzimia wala hakuna aliyedhani nimelewa.

Nilipumzika saa nzima, nikapima, nikapata 7.9. Nikaenda kutembea msituni na mwongozaji, polepole, nikipima kila nusu saa. Kima walikuwa juu ya miti wakitushangaa.

Je, keki inaruhusiwa?

Utotoni, siku zangu za kuzaliwa keki ilikatwa kwa ajili ya wageni. Mimi nilipewa tango. Mama hakuwa mkatili, ndivyo alivyoambiwa wakati ule. Leo tunajua kwamba anayetumia insulini anaweza kula kipande cha keki mara mojamoja, ilimradi akihesabu kwenye wanga wa mlo huo na kuchoma dozi inayolingana. Niliagiza mishikaki na kachumbari, nikala na kipande kimoja cha keki badala ya ndizi za kukaanga. Kilikuwa kitamu kuliko nilivyofikiria.

Wakati nakula nilimkumbuka Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini, mjini Toronto, Januari 1922. Kabla ya hapo, mtoto mwenye ugonjwa kama wangu hakuwa na siku nyingi za kuzaliwa za kungojea. Yeye aliishi miaka 13 zaidi. Na Siku ya Kisukari Duniani, Novemba 14, ni siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa waliogundua insulini.

Hatari haikuishia ziwani

Wengi hawajui kwamba baada ya mazoezi marefu sukari inaweza kushuka saa nyingi baadaye, hata usiku ukiwa usingizini, kwa sababu misuli huendelea kujaza akiba yake. Kabla ya kulala nilipima, nikapata 6.2. Nikala kipande cha mkate kwa maziwa, nikategesha kengele ya simu saa tisa usiku. Ilipolia, mama alikuwa ameshasimama mlangoni.

“Ngapi?”

“Saba nukta moja, mama.”

“Haya, lala.” Akazima taa. Kisha akauliza gizani, “Hiyo kayaki, inabeba watu wawili?”

Kwa mgonjwa na mzazi

• Usibadili dozi kwa kusoma gazeti. Ukipanga safari au michezo, nenda kliniki mapema upangiwe.

• Wenye kisukari aina ya pili wanaotumia insulini au vidonge kama glibenclamide wanaweza pia kushukiwa na sukari. Metformin peke yake ni nadra kuishusha.

• Beba sukari inayofanya kazi haraka: soda ya kawaida, juisi au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji. Soda isiyo na sukari haitakusaidia.

• Sukari ikiwa chini ya 4: gramu 15, subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini, rudia.

• Sukari ikiwa juu ya 14 na unajisikia vibaya, unatapika au una kiu kali, usifanye mazoezi. Wahi kituo cha afya.

• Aliyepoteza fahamu asipewe chochote mdomoni. Mlaze ubavu, mpeleke hospitali.

• Mzazi, mwalimu wa mwanao ajue dalili na ajue soda iko wapi. Mtoto mwenye mpango na mtu anayejua hali yake hana sababu ya kubaki darasani wenzake wakienda ziara.

• Usiogelee wala kuingia kwenye chombo cha majini bila mtu mwingine karibu anayejua hali yako.

Mwakani nitatimiza miaka 31. Mama ameshaanza kuulizia bei ya jaketi la kuokolea.