Aliyerudi vitani akiwa kimya: riwaya ya Gurnah yasomwa Mkongo

Kwa wiki kadhaa sasa, baada ya swala ya isha, tumekuwa tukikutana katika banda la madrasa hapa Mkongo kusikiliza riwaya. Nakala ni moja, nayo imeandikwa kwa Kiingereza. Basi sisi tunasoma na kueleza kwa Kiswahili, wazee na vijana upande huu, akina mama upande wa pili wa pazia. Kitabu chenyewe ni Afterlives, kilichotoka mwaka 2020. Mtunzi ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyekwenda Uingereza akiwa kijana baada ya Mapinduzi, na aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021.

Hamza, kijana aliyetolewa na babake kwa sababu ya deni, anajiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari yake. Vita vya mwaka 1914 vinamchukua mbali, na mwishoni ni sajini wa upande wake mwenyewe anayemkata nyonga kwa upanga. Anauguzwa misheni, kisha anarudi mji wa pwani akichechemea, hana jamaa wala pa kulala.

Kwa watu wa bonde la Rufiji, habari hizi si ngeni. Manowari ya Königsberg iliangamizwa katika delta yetu Julai 1915, na mwanzoni mwa 1917 majeshi mawili yalikuwa yakiviziana kandokando ya mto huu, huku wapagazi wakifa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Hata jina la Kariakoo, anakokwenda kila mwenye duka wa hapa kufuata bidhaa, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Ajabu ni kwamba twalitamka kila siku bila kuwakumbuka.

Lakini kilichowanyamazisha wasikilizaji si vita. Ni chumba. Khalifa, karani mwenye maneno mengi, anampa Hamza chumba cha uani. Anamdadisi, anamchokonoa, hapati majibu ya maana. Wala hamfukuzi kwa kunyimwa majibu. Kazi inapatikana katika karakana ya seremala. Hamza anarudi msikitini, na baada ya miaka mingi ya upweke anajikuta tena safuni, bega kwa bega na watu wasiojua alikotoka.

Katika nyumba hiyo yumo Afiya. Huyu naye ana jeraha: utotoni alivunjwa mkono na aliyekuwa akimlea, kosa lake kujua kuandika. Mapenzi yao yanakua polepole, kwa kuchunguliana na kuulizana kidogo kidogo. Hamza anamweleza mkewe mambo ambayo hajamwambia mtu, na hata hivyo si yote. Usiku bado humjia ndoto mbaya. Mtunzi hakudai kuwa ndoa humponya mtu moja kwa moja, nasi twamshukuru kwa hilo. Zipo kurasa tulizoziruka, kwa kuwa wawili hawa walikutana faragha kabla ya nikaha, na jambo hilo hatulipambi.

Wapo waliolalamika kwamba banda la madrasa si mahali pa hadithi za mapenzi. Hoja yao tuliisikia. Hata hivyo, wengi waliokaa mkekani wana majonzi ya karibu zaidi, ya miaka ya 2016 na 2017 hapa Kibiti na Rufiji, na katika vikao vyote hakuna aliyeyataja kwa jina. Mama mmoja alisema tu, kutoka nyuma ya pazia, kuwa mwanawe naye hukaa kimya namna ile, na kwamba ameacha kumuuliza, anampakulia chakula.

Kaka yake Afiya, Ilyas, alikwenda vitani na hakurudi. Miaka mingi baadaye inajulikana kuwa alifia Ujerumani, katika kambi ya Sachsenhausen. Kisa hiki kinashabihiana na cha mtu halisi, Mahjub bin Adam, mzaliwa wa Dar es Salaam na askari mtoto wa vita vile, aliyefariki katika kambi hiyohiyo mwaka 1944.

Tulipofika hapo, mzee mmoja wa safu ya mbele aliuliza ni nani aliyemswalia. Hatukuwa na jibu. Ijumaa iliyofuata akaja na swali lilelile, safari hii kuhusu babu yake, mpagazi aliyechukuliwa asirudi.