Nyimbo 5 za maigizo ya muziki zinazowatoa jasho hata waimbaji wakubwa

Filamu ya Wicked ilipotoka Novemba 2024, TikTok ilijaa watu wanaojaribu ule ukelele wa mwisho wa wimbo Defying Gravity. Wachache waliupata. Wengi waliishia kuchekwa.

Lakini kuupiga mara moja ukiwa chumbani kwako ndiyo sehemu rahisi. Anayeuimba jukwaani anatakiwa kuupiga mara nane kwa wiki, amevaa gauni zito, baada ya kuigiza kwa zaidi ya saa nzima.

Huku kwetu tumezoea kuona msanii anapanda jukwaani na pleibeki. Kwenye maigizo ya muziki ya Broadway, New York, au West End, London, mtazamaji kanunua tiketi ili asikie sauti laivu. Ndiyo maana ugumu wa wimbo haupimwi kwa noti ya juu tu. Swali ni je, utaweza kuurudia kesho?

Hizi hapa nyimbo tano, kila moja na ugumu wake.

1. Defying Gravity (Wicked, 2003)

Huu unafunga nusu ya kwanza ya onyesho. Elphaba, msichana mwenye ngozi ya kijani, anaamua kutomtii mtawala tena.

Wimbo unaanza taratibu, karibu kama maongezi na rafiki yake. Kisha unapanda, unapanda, mpaka mwimbaji anainuliwa juu na mtambo huku akitoa noti kubwa kuliko zote. Akitumia nguvu zote mwanzoni, mwisho hana kitu.

Idina Menzel, aliyeuimba kwanza Broadway, alishinda tuzo ya Tony mwaka 2004. Kwenye filamu, Cynthia Erivo aliimba laivu huku akining'inia kwenye nyaya. Hebu jaribu kuvuta pumzi ya kutosha wakati mkanda umekubana tumbo!

2. And I Am Telling You I'm Not Going (Dreamgirls, 1981)

Effie ameondolewa kwenye kundi lake la muziki, na mwanaume anayempenda kamtema. Hapo hapo inabidi aimbe.

Mtu anayelia kweli koo lake hubana. Mwimbaji wa Effie anatakiwa aonekane amevunjika kabisa, apige kelele, angurume, lakini koo libaki wazi. Akilia kweli, sauti inakatika. Asipolia kabisa, hakuna atakayemwamini.

Jennifer Holliday alishinda Tony kwa nafasi hii mwaka 1982. Jennifer Hudson akaichukua kwenye filamu ya 2006 na kuondoka na Oscar.

3. Getting Married Today (Company, 1970)

Hapa hakuna noti za kutisha. Kuna maneno, na ni mengi mno.

Stephen Sondheim aliandika wimbo wa bibi harusi aliyepaniki siku ya ndoa yake. Maneno yanatoka kama mvua ya mawe, na nafasi ya kuvuta pumzi ni ndogo sana. Ulimi ukiteleza kwenye neno moja, okestra haikusubiri. Wakati huo huo watu wanatakiwa wasikie kila neno, maana ndipo kichekesho kilipo.

Mwaka 2018 London ililifanyia onyesho hili mabadiliko, na bibi harusi akawa bwana harusi anayeitwa Jamie. Aliyeicheza nafasi hiyo ni Jonathan Bailey, huyu huyu Fiyero wa filamu ya Wicked, na ilimpa tuzo ya Olivier.

4. Guns and Ships (Hamilton, 2015)

Kwa mashabiki wa rap, huu ndio wa kwenu. Lin-Manuel Miranda alichukua historia ya Marekani akaiweka kwenye hip hop. Kwenye wimbo huu, Lafayette, mwanajeshi kutoka Ufaransa, anarap kwa kasi ya ajabu.

Sehemu yake maarufu ina maneno 19 ndani ya sekunde 3. Zaidi ya maneno sita kila sekunde!

Rapa studio anaweza kurekodi mstari mmoja mmoja kisha akaunganisha. Daveed Diggs, aliyeanza na nafasi hii Broadway, aliutema wote kwa mkupuo, kwa lafudhi ya Kifaransa, huku akicheza. Kisha nusu ya pili anarudi kama Thomas Jefferson. Tony yake aliipata 2016.

5. Bring Him Home (Les Misérables, London, 1985)

Huu unaweza kukudanganya, maana ni wa taratibu na wa kimya. Ni sala ya Jean Valjean akimwombea kijana aliyelala karibu naye usiku wa mapigano.

Ugumu uko hapo kwenye ukimya. Noti ya juu ukiipiga kwa nguvu, nguvu yenyewe inakubeba. Ukitakiwa kuiimba kwa sauti laini, pumzi ikitetemeka kidogo tu, ukumbi mzima unasikia. Tena Valjean anafika hapa akiwa ameshaimba kwa nguvu sehemu kubwa ya onyesho.

Kwa nini koo ndilo linaloumia?

Sauti inatoka kwenye nyuzi mbili ndogo za sauti zilizo kooni. Ukiimba, zinagongana kwa kasi kubwa. Noti ya A ambayo okestra huitumia kulinganisha vyombo ni mitikisiko 440 kwa sekunde moja. Ukipanda juu zaidi, kasi inaongezeka.

Sasa zidisha kwa maonyesho nane kwa wiki. Zikitumika vibaya au bila mapumziko, nyuzi hizo huvimba, na zinaweza kuota vinundu. Sauti inakwaruza na noti za juu zinagoma.

Sio hadithi za kutishana. Julie Andrews, nyota wa Mary Poppins na The Sound of Music, alipata matatizo ya sauti akiwa kwenye onyesho la Victor/Victoria, Broadway. Mwaka 1997 akafanyiwa upasuaji wa koo. Ile sauti iliyompa jina duniani haikurudi tena.

Ndiyo maana maonyesho makubwa yana waimbaji wa akiba wanaoujua wimbo kama mwenyewe. Kwenye The Phantom of the Opera, nafasi ya Christine kwa kawaida ilikuwa na mwimbaji wa pili wa kuicheza baadhi ya siku za wiki, hata kama wa kwanza haumwi. Kupumzika ni sehemu ya kazi.

Na wewe unayejaribu nyumbani?

Pasha sauti kwanza, kunywa maji, na shusha wimbo mpaka kwenye noti unazozimudu. Koo likianza kuuma au kukwaruza, acha. Ukikaa na sauti ya kukwaruza zaidi ya wiki tatu, muone daktari wa masikio, pua na koo.

Video ya TikTok unaweza kuirekodi tena kesho. Koo ni hilo hilo moja.